Mayai kuisha kabla ya miaka 40: vidonge vya majira, homoni za kumeza au za kubandika, na swali la mtoto

Wadada nawasalimu. Naandika hii kwa ajili ya yule aliyetoka kwa dokta na karatasi imeandikwa FSH (homoni ya kichwani inayozisukuma ovari) iko juu, kaambiwa ovari zimeacha kazi na yeye hata 40 hajafika, sasa kakaa na simu usiku anatafuta afanye nini. Mi nilikaa hivo hivo. Nilikuwa na miaka 31, siku zangu hazijaja miezi saba, na kabla ya hapo nilishazungushwa sana, mara ni mawazo, mara ni uzito, mara nikapewa klomifeni za kupevusha mayai mizunguko minne, mpaka siku moja dokta mmoja kijana akasema hebu tupime homoni kwanza. FSH ikatoka 78.

Basi mwaka mzima mi nalilia mtoto, nyumbani wanalilia mtoto, mama mkwe analeta mizizi ya kuchemsha, na hamna hata mtu mmoja aliyeuliza mifupa yako je, moyo wako je. Nikiwa na 34 nikateleza bafuni, kuteleza kwa kawaida tu ambako mtu anainuka anacheka, nikajikinga na mkono, kifundo cha mkono kikavunjika. Hapo ndo nikaelewa kumbe nilikuwa na maswali mawili na mi nahangaika na moja tu. Swali la kwanza ni mwili utapata wapi homoni, hasa estrojeni, ambayo ovari hazitoi tena. Swali la pili ni mtoto. Yana majibu tofauti na dawa tofauti, na ukiyachanganya unaweza kumaliza akiba yote kwa la pili huku la kwanza linakula mifupa kimya kimya. Kwaiyo hapa nayatenganisha.

Tuelewane kwanza

Madokta wanaiita POI, ovari kupungukiwa nguvu kabla ya miaka 40. Sio sawasawa na mama wa miaka 51 aliyekoma hedhi, maana ovari za POI mara nyingi hazizimi moja kwa moja, zinakuwa kama umeme wa mgao, miezi mitatu giza alafu siku moja zinawaka na yai linatoka. Zamani ilisemwa ni mwanamke 1 kwa kila 100, lakini mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 unasema ni zaidi ya 3 kwa kila 100, kwaiyo hauko peke yako hata kama mtaani kwako hujasikia mtu anaongea.

Kipimo chenyewe ni hivi: hedhi imekosekana au imevurugika kwa miezi 4 au zaidi, na FSH kwenye damu imezidi 25. Kabla ya hapo pima mimba, usicheke, inatokea. Na kama unatumia vidonge vya majira mwambie dokta, maana vinaishusha FSH na majibu yanadanganya. Kama ulikuwa unachoma sindano ya miezi mitatu nayo mwambie, ile inaweza kukata hedhi muda mrefu baada ya kuacha bila ovari kuwa na shida yoyote. Sababu ziko nyingi: wengine wamezaliwa na kromosomu pungufu (Turner), wengine wana mabadiliko ya jeni la FMR1, wengine kinga ya mwili inashambulia ovari na mara nyingi na tezi la shingo pia, wengine ni dawa za saratani au mionzi au operesheni ya ovari. Wengi wetu sababu haijulikani kabisa. Mi ni mmoja wao, na ilinichukua muda kukubali kwamba sijafanya kosa lolote, sijalaaniwa, wala sio zile tembe nilizomeza chuoni.

Vigezo ninavyotumia

Kwa upande wa homoni naangalia vitu vinne. Moja, inalinda mifupa, moyo na uke kiasi gani. Mbili, hatari zake, hasa damu kuganda na presha. Tatu, inapatikana wapi na inakula pesa kiasi gani kwa mwezi, maana hii dawa ni ya miaka 10, 15, hata 25, sio ya wiki mbili. Nne, maisha ya kila siku, yaani inazuia mimba au haizuii, inaonekana au imejificha, na inahimili joto letu.

Kitu kimoja siweki kwenye mzani nacho ni kukaa bila homoni yoyote. Mwongozo wa madokta ni kutumia homoni angalau mpaka umri ambao ungekoma hedhi kawaida, yaani karibu 50. Najua utaambiwa homoni zinaleta saratani ya matiti. Ile hofu ilienea baada ya utafiti mkubwa wa Marekani mwaka 2002, ambao wanawake wake walikuwa na miaka 50 mpaka 79, wastani 63, wameongezewa homoni katika umri ambao mwili haukuzitegemea tena. Wewe wa 32 huongezewi, unarudishiwa ambazo mwenzio wa rika lako anazo bure. Wa kukaa pembeni ni yule aliyewahi kuugua saratani ya matiti inayolishwa na homoni, huyo ana njia zake na daktari wake wa saratani.

1. Vidonge vya majira, vile vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili

Ulinzi wa mwili: vinatoa estrojeni ya maabara, ethinilestradioli, kwa kawaida maikrogramu 30 au 35, na homoni ya pili inayolinda kizazi. Joto la ghafla linashuka, kulala unalala, ukavu unapungua. Kwenye mifupa vinasaidia, ila tafiti chache zilizopo zinaonyesha estradioli ya asili (estrojeni ya namba 2 na 3 hapa chini) inajenga mfupa vizuri zaidi. Na kuna jambo ambalo wengi hatuambiwi. Zile pakiti za vidonge 28, vile 7 vya kahawia vya mwisho ni madini ya chuma tu, havina homoni. Mwenye ovari zinazofanya kazi wiki hiyo haimsumbui, lakini sisi hatuna akiba nyuma, kwaiyo kila mwezi wiki nzima unarudi kwenye ukame, joto linapanda, kichwa kinauma. Ukifanya hesabu ni karibu miezi mitatu ya mwaka bila estrojeni. Ndo maana madokta wengi wanashauri kuruka vile vya kahawia na kuingia pakiti inayofuata, muulize wako namna ya kufanya.

Hatari: hapa ndo vina udhaifu mkubwa. Vinapandisha presha kwa baadhi ya watu, na vinaongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni na kwenye mapafu kuliko hizi homoni nyingine. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona mwanga au mistari machoni asivitumie kabisa. Mwenye presha, aliyewahi kuganda damu, mvutaji sigara aliyefika 35, nao hivyo hivyo. Mwenye selimundu aseme mapema kabla hajaandikiwa.

Pesa na kupatikana: hakuna wa kushindana navyo. Zahanati ya serikali vinatolewa kama huduma ya uzazi wa mpango, na duka la dawa bei yake mtu wa kawaida anaimudu. Yaani hata ukihamia wilaya ya mbali huwezi kukwama.

Maisha: vinazuia mimba, na hilo ni zuri au baya kutegemea unataka nini. Binti wa miaka 22 anajisikia kama wenzake tu, hana maelezo ya kumpa mtu. Ila kwa alieolewa anaetafuta mtoto, pakiti ikionekana kwenye droo ni vita, nawaambia kabisa. Kuna mdada alinisimulia mume alikuta vidonge akasema kumbe miaka yote unanizuia mtoto kwa makusudi. Kama ni wewe, nenda na mume kliniki dokta amueleze mwenyewe.

Vinamfaa: msichana au mdada ambae hataki mimba kwa sasa, hana presha wala historia ya kuganda damu, anaishi mbali na mjini au bajeti ni ndogo.

2. Homoni za kumeza, estradioli na projesteroni

Ulinzi wa mwili: hii estradioli ni ileile ambayo ovari zilikuwa zinatoa. Kwa mwenye POI dozi ni kubwa kuliko ya mama wa miaka 55, kwa kawaida miligramu 2 kwenda juu kwa siku, na hapa kuna kosa linalofanyika sana, mtu anapewa miligramu 1 kwa mazoea ya wamama watu wazima, anamaliza miaka anasema dawa hainifanyii kitu. Ukiona bado unafukuta usiku na uke bado mkavu baada ya miezi mitatu, rudi useme.

Kama kizazi unacho, lazima uwe na homoni ya pili, projesteroni. Estrojeni peke yake inakuza ukuta wa kizazi bila breki na mwisho wake unaweza kuwa saratani ya ukuta huo. Homoni hiyo unameza siku 12 mpaka 14 kila mwezi, alafu unapata damu kama hedhi, au unameza kila siku bila kutoa damu. Ile projesteroni ya asili inaleta usingizi, kwaiyo inamezwa wakati wa kulala, na kwa mtu ambae hajalala vizuri miaka miwili hiyo ni zawadi. Aliyetolewa kizazi anatumia estrojeni pekee.

Hatari: kuganda damu uwezekano upo kidogo kwasababu dawa inapita kwenye ini kwanza, ila ni mdogo kuliko wa vidonge vya majira. Presha haisumbuliwi sana. Kama unatumia dawa za TB zenye rifampisini, au za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, au efavirenzi, hizo zinaifanya ini imalize homoni haraka, na hili linagusa vidonge vya majira pia. Mwambie dokta ARV zako bila aibu, ni hesabu ya dozi tu.

Pesa na kupatikana: maduka makubwa ya dawa mijini, Dar, Nairobi, Mombasa, Kampala, estradioli ya vidonge utaipata, ila sio kila siku. Inaisha dukani mwezi mzima. Mi nimejifunza kununua ya miezi mitatu kwa mpigo. Projesteroni ya asili ndo inauma mfuko, na wengi wanatumia medroksiprojesteroni ambayo ni rahisi zaidi na ipo karibu kila mahali.

Maisha: haizuii mimba. Kwa wengine hiyo ndo habari njema, kwa wengine ni tahadhari. Ukitumia ile ya kutoa damu kila mwezi, kuna wanaolia kwa furaha kuona hedhi tena, mi nililia, ingawa nilijua ni damu ya dawa na sio yai.

Inamfaa: alie mjini au anaeweza kutumiwa dawa kila baada ya miezi, anaetaka kuacha mlango wa mimba wazi, asiye na historia ya kuganda damu, na asiependa vitu vya kubandika mwilini.

3. Homoni za ngozi, kibandiko au jeli

Ulinzi wa mwili: estradioli ileile, inapita kwenye ngozi moja kwa moja kwenye damu bila kuzunguka ini. Kibandiko cha kawaida kwa POI ni cha kutoa maikrogramu 100 kwa siku, unabadilisha mara mbili kwa wiki, unabandika chini ya kiuno au kwenye tako, sio kwenye ziwa. Jeli unapaka kila siku kwenye mkono au paja. Homoni ya pili bado inahitajika kwa mwenye kizazi, unameza projesteroni usiku, au unawekewa kitanzi cha homoni ambacho kinalinda kizazi na kuzuia mimba kwa pamoja. Kile cha madini ya shaba kinazuia mimba lakini hakilindi ukuta wa kizazi, msichanganye.

Hatari: hapa ndo inashinda wenzake. Kwa dozi za kawaida haionyeshi kuongeza kuganda damu, na mwenye kipandauso, presha, au uzito mkubwa madokta wanaanzia hapa. Usumbufu ni ngozi kuwasha.

Pesa na kupatikana: ni tabu, sitawadanganya. Vibandiko kwetu ni adimu, wengi wanaletewa na ndugu kutoka Uingereza, Afrika Kusini au Dubai, na siku ndugu akiwa na mambo yake wewe umekwama. Jeli inapatikana zaidi kidogo kwenye maduka ya miji mikubwa lakini bei iko juu. Ukiletewa angalia tarehe ya mwisho na uliza ilisafirije, dawa iliyokaa kwenye boksi juani bandarini siiamini.

Maisha: jasho la Dar la mwezi wa Februari kibandiko kinabanduka. Wenzangu wanabandika usiku baada ya kuoga na ngozi ikauke kabisa bila mafuta. Jeli iache ikauke kabla ya kuvaa, na usimbebe mtoto mdogo ngozi kwa ngozi sehemu uliyopaka mpaka muda upite. Ngozi ya mume nayo ni hivo hivo. Mimba haizuii.

Inamfaa: mwenye sababu za kiafya za kukwepa ini na kuganda damu, na mwenye uhakika wa kupata dawa mwaka mzima. Bila huo uhakika naona bora cha kumeza kinachopatikana kuliko kibandiko cha miezi miwili alafu ukame miezi minne.

Kwa wote watatu: homoni peke yake haitoshi kama mfupa haulishwi. Kalsiamu kama miligramu 1,000 kwa siku, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mtindi, mboga za majani, jua la asubuhi, kutembea, kubeba, kuruka. Kipimo cha uzito wa mifupa kipo hospitali chache za miji mikubwa, ukipata nafasi pima mwanzoni ili baadae uwe na cha kulinganisha. Presha kila mwaka, tezi la shingo pia.

Sasa mtoto

Hapa vigezo vinabadilika: uwezekano, gharama, mwili wako, imani yenu, na ukoo.

Kabla ya njia zenyewe, vitu viwili msipotezee pesa. Klomifeni kazi yake ni kuifanya FSH ipande isukume ovari, na ya kwako tayari imepanda mpaka juu, kwaiyo ni kupiga kelele kwa mtu aliyelala kazima simu. Pili ni ile ya kutoa damu yako, kuichuja na kuichoma kwenye ovari wakisema zitafufuka. Bado iko kwenye majaribio, haijathibitishwa, na kuna sehemu inauzwa kama tiba kamili kwa pesa za kutisha. Kusafisha kizazi kwa majani sitaki hata kuongelea, tatizo haliko kwenye kizazi.

Kusubiri mimba ya kawaida. Wanawake 5 mpaka 10 kati ya 100 wenye POI wanakuja kushika mimba wenyewe. Sio sifuri, na mtoto ni wa damu yenu nyote wawili, gharama hamna, imani haina neno. Ila hamna dawa iliyothibitishwa ya kuongeza hiyo namba, na hamna anaejua ni mwezi gani. Homoni za kurudishia, zile za namba 2 na 3, hazizuii. Ukichelewa damu yako ya dawa, pima. Njia hii inamfaa anaeweza kusubiri bila kuhesabu kila asubuhi, na mi binafsi nilishindwa, nilikuwa nanunua vipimo vya mimba kama vocha.

Yai la mchangiaji. Yai linatoka kwa mwanamke mwingine, linarutubishwa maabara na mbegu za mumeo, alafu linapandikizwa kwenye kizazi chako ambacho kiko salama. Hii njia ilianza kwa wenye POI kama sisi: mimba ya mwanzo kabisa ya yai la kupewa kufanikiwa iliripotiwa na madokta wa Melbourne, Australia, mwaka 1984, na aliyebeba alikuwa mdada ambae ovari zake zilikufa mapema. Novemba 2023 pale Kampala mama wa miaka 70 alijifungua mapacha kwa yai la kupewa, dunia nzima ikashangaa, lakini funzo lake kwetu ni kwamba kizazi hakizeeki kama ovari. Uwezekano ndo mkubwa kuliko njia zote, kwenye vituo vizuri theluthi moja mpaka nusu ya kila upandikizaji unaleta mtoto, na umri unaohesabika ni wa mwenye yai. Kampala, Nairobi na Dar huduma ipo. Gharama ni mamilioni ya shilingi kwa jaribio moja, na mara nyingi moja halitoshi. Mimba ya namna hii ina kifafa cha mimba zaidi ya kawaida, kwaiyo uhudhurie kliniki kwa ukaribu. Mwenye Turner apimwe moyo na mshipa mkuu wa damu kabla ya kitu chochote, ujauzito unaweza kuupasua ule mshipa.

Kwa imani, wanazuoni wengi wa Kisunni hawaruhusu yai la mtu wa tatu, kwa upande wa Kishia wapo wanaoruhusu kwa masharti, na Kanisa Katoliki linakataa mimba za maabara zote. Msiende mkiwa hamjaongea hili, nimeona ndoa ikitikisika baada ya mimba kuingia na sio kabla.

Kulea au kuasili. Uwezekano ni wa kweli, unachosubiri ni utaratibu. Unaanzia ustawi wa jamii na unamalizia mahakamani, na Kenya mwombaji awe amefika miaka 25 na amzidi mtoto miaka 21. Gharama ni ndogo ukilinganisha na maabara, mwili haupitii chochote. Kwa Waislamu kuna kafala, mtoto unamlea kwa jina la baba yake mzazi, na sheria ya watoto ya Kenya ya 2022 imeitambua. Urithi wa moja kwa moja hana ila unaweza kumuusia mpaka theluthi ya mali yako. Ugumu uko kwa ukoo. Sisi tumezoea kulea mtoto wa dada au wa kaka, hilo halina kelele, lakini mtoto wa kutoka kituoni watu wanauliza damu ya nani. Na huyo wa ndugu ana lake, anaweza kurudishwa siku mama yake akibadili mawazo, kwaiyo hata kwa ndugu nawashauri makaratasi.

Kwa hali yako

Kama una miaka 18 mpaka 28, huna mpango wa mtoto sasa, presha iko sawa na zahanati ndo duka lako: vidonge vya majira, ukiongea na nesi kuhusu kuruka vile vya kahawia. Ukija kuolewa au kutaka mtoto unahamia kwenye homoni za kumeza.

Kama umeolewa na mnatafuta: homoni za kumeza au za ngozi leo, wakati mnajadili yai la kupewa au kulea. Usisubiri kujua la mtoto ndo uanze homoni, hata kizazi chenyewe kinahitaji kulishwa kabla ya kupandikizwa chochote.

Kama una kipandauso chenye mwanga, presha, au umewahi kuvimba mguu kwa damu kuganda: ya ngozi, na upange mapema utaipata wapi. Ukikosa kabisa, usirudi kwenye vidonge vya majira kwa uamuzi wako, ongea na dokta.

Kama ni mama na binti yako ana miaka 15 au 16, matiti hayajaanza, hedhi hajaiona: asianzishiwe vidonge vya majira. Anahitaji estrojeni ya dozi ndogo inayopandishwa taratibu ili mwili ukue kwa hatua zake, na hilo ni la dokta bingwa wa homoni.

Kama ndo unataka kuanza dawa za saratani na ovari bado zinafanya kazi: uliza kuhusu kugandisha mayai kabla ya dozi ya kwanza. Baada ya hapo swali hilo linaweza kuwa limefungwa.

Kama wewe au mumeo dini haiwaruhusu yai la mwingine: kusubiri na kulea vinaweza kwenda pamoja, huku homoni unameza. Mi na mume wangu tuko hapa. Tunae binti wa marehemu dada yake, ana miaka sita, na karatasi za mahakama ziko kabatini. Mi napaka jeli kila usiku akishalala.

Na kama umeshagonga 50 na umekuwa ukitumia miaka yote hiyo: usikate ghafla, nenda mpime presha na mifupa, alafu wewe na dokta muone kama mnapunguza au mnaendelea kidogo.